Je, wajua kwa nini watoto wengine wa Pwani hawazidiwi na malaria?

Ingia nyumba yoyote ya Mombasa yenye watoto wengi, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, uulize habari za malaria. Aghalabu utasikia kisa cha ndugu wawili waliolala chumba kimoja, wakaumwa na mbu wale wale. Mmoja alizidiwa mpaka akalazwa na kuongezwa damu. Mwenziwe alishikwa na homa siku mbili tatu, akapewa dawa, akarudi kucheza. Kwa nini?

Sababu ni nyingi, na mojawapo ya zile zenye nguvu zaidi imo ndani ya damu yenyewe: aina ya damu iitwayo Dantu. Utafiti ulioieleza ulifanywa kwa damu ya watoto wa Kilifi, kwa jirani zetu hapa, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mombasa.

Pwani yetu imo katika sayansi hii tangu zamani. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu. Akaona kwamba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), imeenea sana Pwani na kando ya Ziwa Victoria, ilhali nyanda za juu zenye baridi karibu haipo. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu, na familia nyingi za huku zinaujua uchungu wake.

Kinga ya pili ndiyo ambayo wengi hawajaisikia. Ndiyo hiyo Dantu. Ni aina ya damu, ila si katika hesabu ya A, B, AB na O tuliyoizoea, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha kundi la damu hospitalini hakikwambii kama unayo. Hutokea pale jeni mbili jirani, zinazotengeneza protini za juu ya chembechembe nyekundu za damu, zilipokatika na kuungana zikawa jeni moja mseto. Kwingi Afrika ni nadra. Kilifi ni ya kawaida. Mtoto aliyeirithi kwa baba na mama hatari yake ya kupata malaria kali hupungua kwa asilimia 74, kinga inayokaribiana na ile ya selimundu, na tena Dantu haijaonekana kuleta ugonjwa wa namna ile. Mimi hili hunigusa sana: kwa karne na karne malaria imeua watoto wa pwani hii, na waliopona wakakua, wakazaa, wakawarithisha wana wao kilichowaponya.

Inakingaje hasa? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2020 katika jarida la Nature, na kundi lililoongozwa na watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi na wenzao wa Cambridge, Uingereza. Kimelea cha malaria hakiwezi kuzaana katika damu bila kuingia ndani ya chembe nyekundu. Hujibandika juu yake, kikausukuma utando mpaka ubonyee na kukifunika, kisha kikazama. Wengi walidhani Dantu imeondoa mahali pa kushikia, yaani kimelea kinakosa protini inayokipokea. Walipopima hawakuona hivyo.

Basi wakachukua damu ya watoto, wenye Dantu na wasio nayo, wakaitia vimelea na kupiga video kwa hadubini. Utando wa chembe nyekundu hautulii, hutetemeka kidogo kidogo wakati wote, na kwa kuupima mtetemo huo waliweza kujua kila chembe imekaza kiasi gani. Hapo siri ikafichuka. Chembe za Dantu kwa wastani zimekaza zaidi. Chukua mpira uliojazwa upepo sawasawa, ujaribu kuubonyeza kwa kidole gumba: haubonyei. Kimelea nacho hujibandika, kikasukuma, kikashindwa. Tena kuna kiwango cha kukaza ambacho kikipitwa, kimelea ni nadra kuingia, hata kama chembe hiyo ni ya mtu asiye na Dantu. Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu ana chembe zinazoingilika na nyingine zisizoingilika. Aliye na Dantu amejaliwa nyingi zaidi za hizo zisizoingilika.

Asilimia 74 si mia, na asilimia hiyo ni ya malaria kali, haimaanishi kwamba mtoto hataugua kabisa. Neti ibaki kitandani, na homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo.

Wanasayansi sasa wanawazia dawa itakayozikaza chembe za mtu yeyote kidogo tu, ziwe kama za Dantu. Ingekuja wakati wake. Rwanda na Uganda tayari wamegundua vimelea vilivyoanza kuzihimili dawa za artemisinini, ambazo ndizo tegemeo letu sote leo. Dawa hizo hukishambulia kimelea, nacho hubadilika kikazizoea. Dawa ya namna hii ingebadilisha chembe yetu wenyewe, na kimelea kingepata taabu zaidi kuizoea.