Pikapu ikilia ukikanyaga klachi, giaboksi haijafa

"Giaboksi imekwisha." Kauli hii hutolewa upesi mno pikapu ya zamani inapoanza kulia. Mara nyingi si kweli, na uchunguzi wa kwanza hauhitaji kufungua hata nati moja.

Vuta breki ya mkono, weka nyutro, washa injini uiache ingurume taratibu. Sasa kanyaga klachi polepole. Mlio ukianza pale pedali inapoanza kukaza, ishuku beringi ya klachi: ndipo inapokandamiza vidole vya presha pleti (bamba linaloibana pleti ya klachi) na kubeba mzigo. Mlio ukiwepo umeachia pedali, kisha ukapotea ukikanyaga hadi chini, geukia beringi ya shafti inayopeleka nguvu ndani ya giaboksi, maana shafti hiyo sasa imesimama. Hapo kweli giaboksi itafunguliwa, ingawa beringi moja si giaboksi nzima. Pima oili ya giaboksi kwanza. Ikipungua, beringi huumia.

Na pleti ya klachi iliyolika? Hiyo kwa kawaida huteleza tu: mlimani injini inapiga kelele, gari halichapuki. Ikilika hadi kwenye ribiti ndipo hukwaruza.