Petroli Inayovuja Wakati wa Baridi Tu

Mteja mmoja anayeishi Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, aliniletea gereji kwangu Kampala gari dogo la Kijapani lenye turbo na injini ya lita 2 ya silinda za kulala, ambalo lilikuwa limekwisha kupita mikononi mwa mafundi wengine wawili. "Fundi," aliniambia, "asubuhi linanuka petroli hadi watoto wanakataa kupanda, lakini nikishaendesha kidogo harufu inakwisha." Mafundi wale walikuwa wamebadilisha sili zote za nozeli, zile zinazonyunyizia injini petroli, na kifuniko cha tangi. Sentensi ile ya mteja ilikuwa imebeba zaidi ya nusu ya jibu, na inaniuma kwamba hakuna aliyeisikiliza.

Gari lililofanyiwa mabadiliko huanza kutafutwa ubovu pale mkono wa mtu ulipogusa mara ya mwisho, kwa hiyo swali langu la kwanza lilihusu kazi zilizofanywa. Lilikuwa limefungwa pampu ya lita 255 kwa saa, nozeli kubwa zaidi na regyuleta, yaani kidhibiti cha presha ya petroli, ya kurekebishwa kwa mkono. Katika injini hii, kazi hiyo ilihitaji kuinua manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na chini ya manifoldi kuna mipira mifupi ya petroli ambayo haionekani mpaka uitafute kwa tochi na kioo kidogo.

Lazima pia tuielewe presha yenyewe. Regyuleta ya gari hili ilipangwa kwenye baa 3 (baa ni kipimo cha presha), lakini inasoma hali ya hewa ndani ya manifoldi: injini ikinguruma polepole, mvuto wa hewa huishusha presha ya petroli hadi karibu baa 2.4, na turbo ikisukuma hewa kwa baa 1, presha hupanda hadi baa 4. Fundi anayeacha gari lingurume uani huku akichungulia chini ya boneti anaupima mfumo wakati presha yake iko chini kabisa, kisha anashangaa kwamba haoni tone lolote. Petroli kidogo ikivuja juu ya chuma cha moto hugeuka mvuke mara moja, ikaacha doa la rangi ya kahawia tu.

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba jirani yangu wa kuchomelea vyuma asimamishe kazi, nikalisogeza gari mbali na shimo la gereji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaa shimoni na kukaa humo ukisubiri cheche. Kizima moto kilikuwa karibu na mkono wangu, na tochi niliyotumia ni ya betri, wala si balbu ya waya ambayo ikivunjika huwasha moto. Katika jambo hili sikubaliani na mtu yeyote anayesema ana haraka.

Nilifunga geji kwenye njia ya petroli, nikawasha swichi bila kuwasha injini ili pampu ijaze presha, kisha nikazima na kutazama sindano. Presha ikishuka, petroli ina njia nne za kutokea: kurudi tangini kupitia vali ya pampu, kupita kwenye regyuleta, kudondoka ndani ya silinda kupitia nozeli, au kutoka nje. Pampu ikiwa imezimwa, ukiubana mpira wa kurudishia petroli kwa koleo laini na sindano ikatulia, regyuleta ndiyo inayopitisha. Ukiubana ule wa kutoka tangini na sindano ikatulia, ubovu uko upande wa pampu. Usitumie koleo lenye meno, kwani utautoboa mpira na kuongeza uvujaji wa pili. Katika gari hili, mchana ule wa Kampala, sindano haikusogea hata kidogo.

Basi nilihitaji baridi. Kabale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na alfajiri yake si alfajiri yetu. Nilimtuma kijana wangu kwa wauza samaki akaleta barafu, tukaifunga ndani ya kavera mbili, yaani mifuko ya plastiki, na kuzilaza juu ya mipira ile iliyo chini ya manifoldi. Baada ya nusu saa niliijaza presha upya, na safari hii sindano ilianza kushuka taratibu. Nilifuta viungo vyote vikakauka, nikanyunyiza unga wa chaki, nikashika kioo. Kwenye ncha ya mpira wa upande wa kushoto chaki ilibadilika rangi, ikalowa, kisha tone moja likajikusanya chini ya kibano na kuning'inia.

Mpira ukipoa husinyaa na kuwa mgumu, na kibano kisichobana sawasawa huacha mwanya. Injini ikipata moto, mpira hulainika, hutanuka, na mwanya hujiziba. Aliyefunga kazi ile alitumia kibano cha skrubu chenye matundu, ambacho kilikuwa kimeukata mpira, na maandishi ubavuni mwa mpira huo yalisomeka R7, yaani daraja la mpira wa petroli. Mpira wa R7 huhimili takriban baa 3.4 za kazi, ilhali gari hili hufika baa 4. Niliweka mipira mipya ya R9, inayohimili karibu baa 6.9, pamoja na vibano vyenye kingo zilizokunjwa visivyokata.

Nililaza barafu tena kwa saa nzima, na sindano ikabaki pale pale. Mteja aliondoka na maagizo mawili: afungue boneti alfajiri ya kwanza akiwa Kabale na apitishe karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, na baada ya wiki mbili arudi nikaze vibano, kwa sababu mpira mpya hulala kidogo ukishabanwa.