Wepesi wa kuguswa: anayeumia upesi ndiye anayesaidika upesi

Wako watoto wanaoziba masikio spika za harusini zikifunguliwa, wasiokubali kuvaa fulana mpaka lebo ya shingoni ikatwe, wanaolia wakisikia wazazi wakijibizana chumba cha pili. Wengi huambiwa wanadeka. Akiwa mvulana ndiyo kabisa, ataambiwa ajikaze kiume. Wakikua hujifunza kujificha, lakini hawabadiliki sana: ndio wale wanaotoka kwenye kikao chenye makelele wakiwa wamechoka kuliko aliyelima.

Wanasaikolojia wameichunguza hali hii, yaani wepesi wa kuguswa na mazingira, kwa karibu miaka thelathini sasa. Mwaka 1997 Elaine Aron na mumewe Arthur Aron, watafiti wa Marekani, walitoa dodoso la maswali 27, na mtu hujibu kila swali kwa kujipa alama kuanzia 1 hadi 7. Je, unashtuka kirahisi? Njaa ikikubana, akili inashindwa kutulia? Kahawa inakusumbua mwilini? Ukifanya kazi huku mtu anakutazama, unatetemeka hadi kuiharibu kazi ambayo peke yako ungeifanya vizuri? Na katikati ya hayo yamo maswali ya namna nyingine kabisa, kama vile kufurahia harufu nzuri, ladha au muziki. Hoja yao ilikuwa kwamba huyu si lazima awe mtu wa aibu wala mkimya. Tafiti za baadaye zimewaunga mkono katika hilo, kwa kuwa wapo wachangamfu wa kupindukia ambao huguswa na kila kitu.

Mwanzoni ilidhaniwa watu wa aina hii ni kati ya 15% na 20%. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwagawa watu wazima katika makundi matatu: wenye wepesi mkubwa karibu 31%, wa kati 40%, na wenye wepesi mdogo 29%. Makundi hayo yamepewa majina ya maua, ambayo sitayataja hapa, maana nimeona watu wakishajua ua lao hawataki kusikia la zaidi. Ukweli ni kwamba hakuna ukuta kati ya kundi na kundi. Kila binadamu huguswa na mazingira, tofauti ni kiasi.

Tunaupata wapi wepesi huu? Utafiti wa mapacha vijana wa Uingereza, uliotoka mwaka 2020, ulikadiria kwamba asilimia 47 ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi wa vinasaba. Zinazobaki zinatokana na maisha yenyewe. Kwa hiyo kumlaumu mama kwamba "amemlea kwa kumbembeleza mno" hakuna mashiko, na kusema "ndivyo alivyozaliwa, basi" nako ni kukata tamaa mapema.

Ila kwangu mimi jambo zito kuliko yote ni hili, na ndilo ambalo halijawafikia wazazi na walimu. Kwa muda mrefu tulijua kwamba watoto hawa huumia zaidi wakilelewa kwa ukali au kwenye vurugu. Mwanasaikolojia Michael Pluess na wenzake wakauliza upande wa pili: wakitendewa mema je? Katika shule ya eneo la watu maskini jijini London, wasichana wa miaka 11 hivi walipewa mafunzo darasani ya kuwakinga na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha. Waliokuwa na wepesi mkubwa wa kuguswa dalili zao zilipungua. Kwa wale wenye wepesi mdogo, mafunzo yaleyale hayakuonyesha faida. Italia nako, katika mpango wa kuzuia uonevu shuleni uliohusisha watoto zaidi ya 2,000, walionufaika hasa walikuwa wavulana wenye wepesi mkubwa. Ndiyo, wavulana, haohao tunaowaambia wajikaze.

Huku kwetu upo uchunguzi wa zamani unaogusa jambo la jirani. Mtafiti Marten deVries alikuwa akifuatilia tabia za watoto wachanga wa Kimaasai miaka ya 1970, ukame ukaja ukafyeka mifugo. Aliporudi, wengi wa wale aliowaandika kuwa watulivu walikuwa wamefariki, na wengi wa wale wasumbufu, wa kulia kila mara, walikuwa hai. Alieleza kwamba huenda waliolia sana ndio walionyonyeshwa mara nyingi zaidi. Watoto wenyewe walikuwa wachache mno, na usumbufu wa mtoto mchanga si kitu kimoja na wepesi wa kuguswa, hivyo tusiujengee ghorofa. Unachoonyesha ni kwamba tabia inayoitwa mzigo mahali pamoja inaweza kuwa kinga mahali pengine.

Wapo wanaolikosoa dodoso lenyewe, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Maswali mengi ni ya kero na kuzidiwa, machache ni ya raha. Mtu mwenye wasiwasi wa muda mrefu anaweza kupata alama za juu kwa sababu ya wasiwasi wake tu. Ndiyo maana vipimo vya dakika tano vinavyosambazwa kwenye simu visikupe jina la kujibandika.

Wepesi wa kuguswa si ugonjwa. Haumo kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na hauna dawa kwa sababu hauhitaji dawa. Mtoto wa namna hii mwambie mapema kinachokuja, mpe pembe tulivu baada ya shughuli, mkosoe kwa sauti ya kawaida, atakuelewa. Lakini akianza kukosa usingizi, kuacha chakula, au kukataa shule wiki baada ya wiki, usiseme ni hulka yake. Mpeleke kituo cha afya, maana hiyo inaweza kuwa sonona au wasiwasi uliopitiliza, na hayo yanatibika.