Daftari la kifafa: maswali na majibu kabla ya kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu

Kwa nini daktari ahitaji daftari langu wakati vipimo vipo?

Kwa sababu kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya tukio lenyewe, na vipimo huja kuyasaidia maelezo hayo. Kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha kubandikwa nyaya kichwani, kwa kawaida hurekodi kwa takriban nusu saa tu, na ni nadra mgonjwa kupata mshtuko wa kifafa ndani ya muda huo. Ndiyo maana mtu mwenye kifafa anaweza kupewa majibu yasiyoonyesha kasoro yoyote. Picha ya ubongo huweza kuonyesha kovu, uvimbe au vifuko vya minyoo ya tegu, lakini haionyeshi mtu alivyoanguka. Daktari hubaki na mgonjwa asiyekumbuka kilichompata, pamoja na ndugu aliyeingia chumbani baada ya tukio kuanza. Ukizingatia kwamba mabingwa hawa ni wachache na wengi wao wako katika hospitali za rufaa, ambako miadi huweza kutenganishwa na miezi mingi, kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Niandike nini hasa?

Andika ulichokiona, si ulichokihitimisha. Sentensi "alianguka kifafa tena" ina faida ndogo kwa daktari, kwa kuwa mtu huweza kuanguka kwa kuzimia, kwa kushuka kwa sukari au kwa msongo mkubwa wa mawazo, na tiba ya kila moja ni tofauti. Linganisha sentensi hiyo na maelezo haya ya mfano:

"Jumanne, 4 Machi, saa 12 na dakika 10 asubuhi. Alikuwa amesimama akipiga mswaki. Alisema anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kisha akawa haitiki akiitwa. Kichwa na macho viligeukia kulia, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, halafu mwili mzima ukakakamaa, akaanguka na kutetemeka. Macho yalikuwa wazi. Kutetemeka kuliisha baada ya dakika 2 kwa saa ya simu. Ameuma ulimi pembeni, hakukojoa. Alizungumza vizuri baada ya dakika 25. Mkono wa kulia ulikuwa mlegevu hadi saa 2 asubuhi. Jana alilala saa 7 usiku, na dawa ya jioni hakumeza."

Maelezo ya mkono wa kulia peke yake yanamfanya daktari afikirie kwamba mshtuko ulianzia sehemu moja ya ubongo, yumkini upande wa kushoto, jambo linaloweza kubadilisha uchaguzi wa dawa na kuamua kama picha ya ubongo inahitajika. Kwa hiyo sekunde za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, ingawa ndizo ambazo familia nyingi huziruka ili kusimulia povu na mayowe ya majirani. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa mwenyewe, si kwako wewe unayemtazama.

Je, matukio madogo yasiyomwangusha mtu nayo yaandikwe?

Ndiyo, na pengine kwa uangalifu zaidi, kwa sababu hakuna atakayeyasimulia yasipoandikwa. Mtoto anayekatisha sentensi, akakodoa macho kwa sekunde chache kisha akaendelea na maneno yake, mara nyingi huadhibiwa darasani kwa utoro wa mawazo. Mtu mzima anaweza kutafunatafuna bila kitu mdomoni au kuchezea vifungo vya shati huku haitiki. Kijana naye anaweza kurushwa mikono ghafla asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, hadi kikombe cha chai kikamtoka mkononi, naye akadhani ni usingizi haujaisha. Tukio hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa baadhi ya dawa za kifafa, ikiwamo kabamazepini, zinaweza kuzidisha mishtuko ya namna hiyo na ile ya kukodoa macho. Daktari asiyeambiwa habari ya kikombe anaweza kuandika dawa isiyofaa bila kosa lake.

Zipe aina hizo herufi, kwa mfano K kwa tukio kubwa na N kwa dogo, kisha uzihesabu kila moja peke yake. Herufi humsaidia pia yule asiyependa kila mtu nyumbani auelewe ugonjwa wake.

Saa niiandikeje?

Simu huonyesha 06:10 nasi husema saa 12 na dakika 10 asubuhi, na wapo wanaochanganya mitindo yote miwili katika ukurasa mmoja. Chagua mmoja, na kila mara uongeze asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana mishtuko inayokuja usingizini haichukuliwi sawa na inayokuja mara mtu anapoamka. Muda wa tukio upimwe kwa saa: kwa mtazamaji mwenye hofu dakika moja huonekana kama kumi. Usingizi mzito unaofuata usihesabiwe ndani ya mshtuko, uandike kando.

Na habari za dawa?

Jina la dawa, kipimo chake, saa ya kumeza na kila dozi iliyorukwa, pamoja na sababu ya kuiruka: ilisahaulika, iliisha, haikupatikana dukani, au ililetea usingizi. Hapa watu huficha ukweli kwa kuogopa kukaripiwa, na matokeo yake ni kuongezewa kipimo cha dawa ambayo hawakuwa wakiimeza. Andika pia dawa za miti shamba, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za VVU, kwa kuwa baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu za nyingine. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aliandike jambo hilo mapema, hasa akiwa anatumia valproeti, dawa ya kifafa ambayo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo asiiache ghafla kabla ya kuonana na daktari.

Ongeza mambo yaliyotangulia tukio: kukesha, homa, pombe, siku za hedhi, mfungo wa Ramadhani uliobadilisha saa za dawa. Usikimbilie kukilaumu chakula fulani kwa sababu ya tukio moja. Mpangilio wa kweli hujitokeza baada ya kurasa kadhaa.

Nikiwa naishi peke yangu, nani ataandika?

Wewe mwenyewe, kwa kufuata alama: ulimi wenye kidonda, shuka iliyolowa, mate kwenye mto wa kulalia, misuli inayouma bila kazi uliyoifanya jana. Anayeishi na wenzake amteue mmoja, na kwa mwanafunzi mwalimu aombwe. Video ya simu husaidia sana mgonjwa akiridhia, ilimradi kwanza alazwe ubavu na vitu vya hatari viondolewe, bila kumtia kitu chochote mdomoni. Ionyeshe uso na mwili mzima, kisha umwite jina ili isikike kama anaitika.

Ni wakati gani niache kalamu na kukimbilia hospitali?

Mshtuko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla ya fahamu kurejea. Akiwa mjamzito, ameumia, mshtuko umempata akiwa majini au anapumua kwa shida. Na ikiwa ni mara yake ya kwanza. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyohivyo.

Daktari atasoma daftari zima?

Hana muda huo. Andaa ukurasa mmoja wa mbele: matukio mangapi ya K na ya N tangu miadi iliyopita, refu kuliko yote lilichukua muda gani, dozi zilizorukwa, madhara ya dawa na maswali yako mawili au matatu. Daftari lenyewe libaki mezani kwa ajili ya kurejea.

Nikikaa muda mrefu bila tukio, niache kuandika?

Usiache. Kwa kawaida kupunguza dawa hufikiriwa baada ya angalau miaka 2 bila mshtuko wowote, mdogo au mkubwa, na hufanywa polepole chini ya uangalizi wa daktari. Mstari mmoja kwa wiki, "hakuna tukio, dawa zote zimemezwa", unatosha, na tarehe ya tukio la mwisho iwekwe mahali panapoonekana kwa urahisi.