Jumatatu ya kwanza baada ya kutundika daluga

Mwisho wa kikao chetu cha kwanza nilifungua kalenda nikamuuliza angependa tuonane tena lini. Alikuwa kiungo wa miaka 36, nahodha wa miaka mingi, mtu aliyezoea kuamua ndani ya nusu sekunde mpira uende kulia au kushoto huku watu wawili wanamvamia. Akanitazama. Akamtazama mkewe. Halafu akasema, "Wewe niambie saa tu, daktari. Nitafika dakika kumi kabla."

Nikamwambia siku yoyote, saa yoyote, achague mwenyewe. Akanyamaza muda mrefu mpaka mkewe akataka kumjibia, nikamwashiria mama asubiri. Nilitaka huyu bwana ajionee kitu ninachokiona kwa wengi wa aina yake. Aliingia akademia akiwa na miaka 13, na tangu siku hiyo hakuwahi kupanga Jumanne yake. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. La kalenda lilitokea vilevile.)

Mimi ni mwanasaikolojia wa michezo. Ninao wachezaji ambao bado wako uwanjani na ninao waliokwisha kutundika daluga, na hawa wa pili ndio wanaonikosesha usingizi. Watu wakisikia nyota wa zamani "amepotea" mawazo yao hukimbilia pesa: kafilisika, kala zote, magari, marafiki wa msimu. Pesa nitaigusa. Lakini wengi wanaoingia ofisini kwangu mfuko bado una kitu. Kilichowaishia ni ratiba.

Angalia klabu ya kulipwa inavyomlea mtu. Usiku simu inaingia ujumbe: kifungua kinywa saa mbili, kupima uzito, kikao cha video, mazoezi, maji ya barafu, chakula kilichopimwa, kulala mchana. Timu ikisafiri, hati yake ya kusafiria anaishika meneja wa timu, na chumba kimeshapangwa, pamoja na mwenzake wa kukaa naye chumba hicho. Jezi anaikuta imefuliwa na kutundikwa. Kifundo kikivimba yupo wa kukifunga, bomba la nyumbani likipasuka yupo mtu wa klabu wa kumpigia fundi. Mfumo huu una akili yake, maana kichwa kisichochoshwa na mambo madogo hucheza vizuri. Ila mambo madogo hayo ndiyo wenzake wa darasani walianza kujifunza wakiwa na miaka 20, wakakosea, wakachekwa, wakazoea. Yeye anaanza leo akiwa na miaka 36, tena mbele ya watoto wake wanaomjua kama shujaa.

Beki mmoja alinieleza siku iliyomvunja moyo. Mkataba wake uliisha mwisho wa msimu, bila mechi ya kuaga wala shada la maua, na hilo alilimeza. Kesho yake asubuhi akafungua simu akakuta ametolewa kwenye kundi la WhatsApp la timu. Hakuna aliyemdhamiria baya. Meneja wa timu alikuwa anasafisha orodha kabla ya usajili mpya, kama afanyavyo kila mwaka, na beki mwenyewe alishaona majina mengi yakitolewa hivyo hivyo bila kujiuliza kitu. Alinionyesha simu. Mazungumzo ya zamani yalikuwa bado yamo, na mstari wa mwisho ulikuwa utani wa kijinga kuhusu soksi za kipa. Alikuwa anarudia kuusoma kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani.

Katika fani yetu kuna dodoso la kupima mtu amejifunga kiasi gani na jina la "mwanamichezo". Lilichapishwa mwaka 1993 na Britton Brewer na wenzake, na lilikuwa na sentensi 10 za kukubali au kukataa kwa alama 1 hadi 7: kwamba michezo ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote maishani mwangu, kwamba rafiki zangu wengi ni wanamichezo, na kadhalika. Wachezaji wa zamani huniandikia 7, 7, 7 mpaka chini, bila kuinua kalamu. Siwezi kuwalaumu. Alama hizo ndizo zilizomwamsha mchezaji alfajiri miaka 20 na kumrudisha uwanjani baada ya goti kufanyiwa upasuaji. Kocha angetaka kikosi kizima kiwe na 7 tupu. Shida inakuja siku mtu anapokaa mezani kujaza fomu ya kawaida, anafika kwenye nafasi ya "kazi", na kalamu inasimama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata wenzangu wa fani huliruka. Mwaka 2015 FIFPRO, chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, kilitoa matokeo ya utafiti uliohusisha wachezaji 607 waliokuwa bado wanacheza na 219 waliostaafu. Dalili za sonona au wasiwasi zilionekana kwa asilimia 38 ya wanaocheza na asilimia 35 ya waliostaafu. Karibu sawasawa. Matumizi mabaya ya pombe yalikuwa asilimia 9 kwa wanaocheza na asilimia 25 kwa waliostaafu. Mimi nazisoma namba hizo hivi: maumivu mara nyingi yalikuwepo tangu mtu anacheza, yakifunikwa na mazoezi, kambi na mechi ya Jumamosi. Kustaafu kunaondoa kifuniko, na chupa inakaa mahali pake. Thierry Henry, bingwa wa dunia wa 1998, alisema hadharani mwaka 2024 kwamba anaamini aliishi na sonona katika maisha yake yote ya uchezaji bila kujua. Sisi tulikuwa tunahesabu mabao.

Ndiyo maana sipendi hadithi ya George Best, winga wa Ireland Kaskazini, ikisimuliwa kama hadithi ya pombe pekee. Best aliondoka Manchester United mwaka 1974 akiwa na miaka 27 tu, akahangaika kutoka klabu hadi klabu kwa miaka, akabadilishiwa ini mwaka 2002 na kufariki mwaka 2005 akiwa na miaka 59. Tony Adams naye alikuwa mlevi, tena akiwa nahodha wa Arsenal na wa Uingereza. Alikiri mbele ya wenzake mwaka 1996 na mwaka 2000 akaanzisha kliniki ya Sporting Chance kwa ajili ya wanamichezo wenye uraibu. Alistaafu mwaka 2002. Yaani alipotundika daluga alikuwa ameshapata miaka sita ya kujifunza kuishi bila pombe, akiwa bado na wenzake wa kumwuliza hali kila asubuhi. Wachezaji wanaocheza hupenda kuniambia, "Nitashughulikia nikistaafu." Nawajibu kwamba huo ndio wakati mbaya kuliko yote.

Mwili nao una deni lake. Uwanjani maumivu yana maana, unachomwa sindano, unacheza, unashangiliwa. Takwimu za FIFA za Kombe la Dunia la 2010 zilionyesha kuwa karibu asilimia 40 ya wachezaji walikunywa dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Ukistaafu, goti linabaki lilelile lakini hakuna wa kulishangilia. Gabriel Batistuta aliacha mpira mwaka 2005, na baadaye akasimulia kwamba ndani ya siku chache tu hakuweza kutembea. Alikojoa kitandani na choo kiko mita tatu, kwa sababu alijua akikanyaga chini vifundo vitamwua kwa maumivu. Akaenda kwa daktari kumwomba amkate miguu, daktari akakataa. Huyu ni mtu aliyeifungia Argentina mabao zaidi ya 50. Mteja akianza kwa kuniambia hana raha ya kitu chochote, swali langu la pili au la tatu huwa, unalala saa ngapi, na nini kinakuamsha? Mara nyingi kinachomwamsha ni nyonga. Hapo namtuma kwanza kwa daktari wa mifupa, mambo ya nafsi tutayarudia akiwa amelala.

Kuhusu ubongo, naulizwa kila wiki, kwa hiyo nieleze. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walitoa matokeo ya kuwafuatilia wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland. Vifo vinavyotokana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo, kama Alzaima, vilikuwa mara tatu na nusu ya vile vya watu wa kawaida. Mwaka 2021 waliongeza kwamba mabeki ndio walioathirika zaidi na makipa hawakutofautiana sana na raia wengine, jambo linaloelekeza kidole kwenye kupiga mpira kwa kichwa. Utafiti huohuo wa 2019 ulionyesha pia kwamba wachezaji hao walikufa kidogo kuliko wengine kwa magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu. Kwa hiyo beki wa miaka 40 anayesahau funguo asijihukumu. Mtu asiyelala, anayekunywa na mwenye sonona husahau funguo pia, na hayo matatu yanatibika. Akapimwe.

Pesa, kwa kifupi. Mshahara unakatika siku moja, matumizi hayakatiki. Nyumba ilinunuliwa kwa kipimo cha mshahara wa nyota, ndugu walizoeshwa, na wakala aliyekuwa anapokea simu mlio wa kwanza sasa yuko kwenye kikao siku nzima. David James, kipa aliyeichezea Uingereza mechi 53, alitangazwa kufilisika mwaka 2014. Mimi si mshauri wa fedha. Ninachoona upande wangu ni aibu: mtu anakopa ili asionekane amepungua, na mkopo huo anamficha mkewe kwanza kabla ya benki.

Mkewe. Mke wa kiungo yule wa kalenda alinipigia baada ya mwezi, amekasirika kweli. "Daktari, amepanga upya makabati yangu yote ya jikoni. Sioni kijiko." Kwa miaka 12 mama huyu ameiendesha nyumba peke yake wikiendi na sikukuu, ana mfumo wake, na sasa kuna nahodha sebuleni asiye na timu. Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akalia. Tangu hapo simwoni mchezaji mstaafu peke yake. Vikao viwili vya mwanzo namtaka na anayeishi naye.

Sasa, tunafanyaje? Simwambii mtu "tafuta ndoto mpya". Mtu aliyezika ndoto juzi hana nguvu ya kuitafuta nyingine, na akilazimishwa huchukua ya kwanza inayopita, kwa kawaida biashara ya rafiki. Tunaanza na wiki. Nataka vitu vitatu tu vyenye saa, na kila kimoja kiwe na mtu atakayeuliza, "Mbona hukuja?" Kumpeleka mtoto shule kila Jumatatu kunatosha. Mazoezi hayakatwi ghafla, yanapunguzwa kwa miezi chini ya uangalizi, kwa sababu mwili uliozoea jasho kila siku ukisimamishwa ghafla huharibu usingizi na hamu ya kula, na kichwa hufuata.

Ukocha naushuku kidogo. Kila mtu anawaambia wawe makocha, na wapo wanaozaliwa nao. Lakini wengi nikiwahoji vizuri wanachotamani ni chumba cha kubadilishia nguo: kelele, utani, harufu ya dawa ya kuchua. Kocha hakai tena chumba hicho, anaingia wengine wananyamaza. Wapo waliokwenda ukocha wakiutafuta ule utani na kurudi kwangu wakiwa wapweke zaidi.

Ninayemtolea mfano mara nyingi ni George Weah, na sababu yenyewe haihusu urais wa Liberia alioupata baadaye. Alishinda tuzo ya mchezaji bora wa dunia mwaka 1995. Alipogombea urais mara ya kwanza mwaka 2005 akashindwa, moja ya mambo aliyosemwa nayo ilikuwa elimu yake ndogo. Akarudi kusoma, akapata cheti cha sekondari akiwa mtu mzima wa miaka karibu 40, kisha shahada. Wateja wangu hawaogopi umaskini kama wanavyoogopa hilo: kukaa dawati la nyuma, kuuliza swali la kijinga, kuwa mchezaji wa akiba kwenye jambo jipya huku kila mtu darasani anajua jina lako. Kiungo wangu alichukua miezi saba kabla ya kujiandikisha darasa la hesabu za biashara. Wiki ya kwanza alifika dakika kumi kabla, akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi. Mwenzake wa darasani, kijana wa miaka 19, akamwuliza kama ana kalamu ya ziada.

Kama una mwenzako aliyetundika daluga msimu huu, mpigie siku ya mechi, saa mbili kabla ya mpira kuanza. Muda huo mwili wake bado unasubiri basi la timu. Usimwulize ana mpango gani. Na akikuambia haoni sababu ya kuendelea kuishi, usikate simu, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mwingine abaki naye.