Mchoro wa muktadha: jua mpaka wa mfumo kabla ya kulipia programu

Sosaiti ya maziwa inapotaka kuachana na madaftari na kuhamia kwenye kompyuta, swali la kwanza huwa ni bei ya programu. Bei hiyo haiwezi kutajwa kwa haki kabla haijajulikana mfumo unaanzia wapi na unaishia wapi. Kazi ya kulionyesha hilo ni ya mchoro wa muktadha: karatasi moja, duara moja katikati ambalo ndilo mfumo, visanduku pembeni vya walio nje yake, na mishale ya taarifa kati yake.

Kanuni zake zilitoka kwa wachambuzi wa mifumo wa miaka ya 1970. Tom DeMarco alichora mchakato kwa duara, ilhali Chris Gane na Trish Sarson walitumia mstatili wenye pembe za mviringo. Chagua mtindo mmoja usiuchanganye na mwingine. Mfumo wote ni mchakato mmoja unaopewa namba 0, na yaliyomo ndani hayachorwi. Hata hifadhidata, yaani mahali mfumo unapotunza taarifa zake, haionekani hapa, maana ni mali ya ndani. Wanafunzi wengi huichora kwa mazoea.

Tuchukue sosaiti inayokusanya maziwa upande wa Molo au Olenguruone, kaunti ya Nakuru. Andika katikati “Mfumo wa mapokezi na malipo ya maziwa”. Kisha uliza maswali mawili tu: nani anauletea mfumo taarifa, na nani anazipokea kutoka kwake? Watajitokeza mkulima, dereva wa lori, kiwanda cha kusindika, duka la pembejeo, benki, huduma ya M-Pesa na bodi ya wakurugenzi. Kila mmoja apate kisanduku kwa jukumu lake, wala si kwa jina lake. Wakulima hata wakiwa elfu mbili, kisanduku ni kimoja. Kinyume chake pia hutokea: kwenye ufuo wa samaki kama Dunga, Kisumu, mtu yule yule aweza kuwa mwenye mashua na pia mnunuzi, na hapo visanduku vinakuwa viwili.

Duka la pembejeo huleta ubishi. Ni la sosaiti, kwa nini liwekwe nje? Kipimo chetu ni hiki: unachoweza kukibadilisha kwa mradi huu kiko ndani, unacholazimika kukipokea kilivyo kiko nje. Kama duka litaendelea na kitabu chake cha mikopo, basi liko nje.

Karani wa mizani ni mgumu zaidi, na kikao kikichukua saa nzima juu yake si hasara. Ikiwa “mfumo” ni kazi yote ya kupokea maziwa na kulipa, pamoja na watu na makaratasi, karani yumo ndani ya duara. Ikiwa ni programu pekee, yuko nje, kwa sababu ndiye anayeingiza vipimo. Yote mawili yanakubalika kitaalamu. Kinacholeta hasara ni meneja kuwa na jibu moja kichwani na mtengenezaji programu kuwa na jingine. Sisi tunashauri mchoro wa kwanza umweke karani ndani. Akiwa nje, mkulima anampa yeye taarifa, na kwa kuwa mshale kati ya wahusika wawili wa nje hauchorwi, mkulima anapotea kabisa upande wa kuleta taarifa. Hapo hakuna atakayeuliza maziwa yaliyokataliwa kwenye kipimo yanaandikwa wapi, na mkulima anaondoka na risiti gani.

Mishale ndiyo yenye kazi kubwa. Kila mshale uandikwe nomino, si kitendo: “vipimo vya maziwa”, si “kupima maziwa”. Maziwa yenyewe hayapiti kwenye mchoro huu, na fedha vilevile. Zinazopita ni taarifa zake. Pembeni, kwenye karatasi nyingine, eleza kila mshale una nini. Vipimo vya maziwa, kwa mfano, ni namba ya mwanachama, tarehe, zamu ya asubuhi au jioni, uzito, na matokeo ya ukaguzi.

Usisahau kizio. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, hivyo lita 5,000 ni karibu kilo 5,150. Mizani ya sosaiti ikisoma kilo na stakabadhi ya kiwanda ikiandikwa kwa lita, programu isiyojua tofauti hiyo itaonyesha upungufu wa 150 kila safari, na wa kwanza kushukiwa atakuwa dereva. Neno “kiasi” juu ya mshale halitoshi. Andika “kilo zilizopokelewa” na “lita zilizokubaliwa kiwandani”.

Mshale unaosahaulika zaidi ni ule wa kurudi. Mfumo unatuma M-Pesa orodha ya malipo ya mwezi, kila mtu anachora hapo na kukoma. Lakini kuna majibu: malipo haya yamepita, haya yamekataliwa kwa sababu laini haijasajiliwa au namba ilikosewa. Bila mshale huo, mfumo utahesabu kwamba wote wamelipwa.

Ukimaliza kuchora, shika kila mshale unaotoka na uuulize umetokana na nini kilichoingia. Taarifa ya mwezi ya mkulima ina makato ya chakula cha ng'ombe. Je, kuna mshale wa “mikopo ya wanachama” kutoka dukani? Kama haupo, mkulima atalipwa kamili na duka litabaki na deni. Kisha geuza: taarifa inayoingia bila kutumika popote inakusanywa kwa nini? Swali hili lina uzito wa kisheria, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa za mtu zisizidi zinazohitajika. Duka linahitaji namba ya uanachama na kiwango cha mkopo. Namba ya kitambulisho haina sababu ya kwenda huko.

Karatasi ya manila na kalamu ya risasi zinatosha kwa kuanzia. Waite karani, dereva na mhasibu pamoja na meneja, maana meneja peke yake hueleza kazi jinsi inavyopaswa kuwa. Mkishakubaliana ndipo duara lipasuliwe kuwa michakato midogo, kwa kawaida mitano hadi tisa, na kila mshale wa mchoro wa kwanza uonekane tena kwenye wa pili kwa jina lile lile.

Pembeni mwa mchoro andika tarehe na namba ya toleo, pande zote mbili zitie sahihi, na uambatanishwe na mkataba. Bodi ikitaka baadaye kuongeza kisanduku cha bima ya mifugo, hilo ni ombi jipya lenye bei yake na toleo lake.