Mwenyeji si mwenye shughuli

Nimelisikia tena juzi, kwenye pantoni la Magogoni, kosa lile la kumchanganya mwenyeji wa mashindano na mwenye mashindano. Vijana wawili wameegemea ukuta, mmoja kavaa fulana ya klabu ya mashua, wanazungumzia mashindano ya mashua za tanga ambayo klabu yao inataka kuyaleta Dar. "Tukishinda tu hiyo zabuni, mashindano ni yetu," anasema wa fulana. "Tunaweka tarehe tunayotaka, tunaita tunaowataka." Mwenzake akaunga mkono: "Si ndio sisi tunaoandaa bwana, nani atatupangia?" Pantoni likagusa Kigamboni, bajaji zikaanza kusukumana, nikawapoteza. Kudandia mazungumzo ya watu si adabu, kwa hiyo nayaandika.

Maana yenyewe haina urefu. Mwenyeji wa mashindano ni klabu, mji au nchi iliyokubaliwa kuwapokea washindani na kuwapa mahali, maji na huduma za kushindania. Mashindano yenyewe yana mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mwingine.

Sasa tuje kwenye neno. Mwenyeji ni "mwenye mji", maneno mawili yaliyogandamana mpaka m ya pili ikamezwa, kama "mwenye enzi" ilivyogandamana ikawa Mwenyezi. Na "mwenye" ni neno zito. Ndugu yake ni "mwinyi", ndiyo maana mtawala wa jadi wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu. Kwa hiyo wa fulana angeweza kunigeuzia kibao: si umeona, mwenyeji ni mwenye! Ndiyo, ni mwenye, lakini mwenye nini? Mwenye mji. Neno limemwachia mji wake, halikumpa kitu kingine. Mgeni akija na shughuli yake, mji unabaki wa mwenyeji na shughuli inabaki ya mgeni. Dar nzima tunalijua hili kwenye harusi: ukumbi ni wa mtu mmoja, mwenye shughuli ni mwingine, na mwenye ukumbi akipanda jukwaani kupanga nani aolewe tutamshusha.

Kuna maana ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi. Ukimuuliza mtu njia pale Kariakoo akakujibu "mimi si mwenyeji hapa," hajasema kwamba hamiliki nyumba Kariakoo. Amesema hajui vichochoro. Mwenyeji ni ajuaye mahali. Na kwenye mashindano ya tanga hii ndiyo maana inayopigiwa kura, ingawa karatasi hazisemi hivyo.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mashua za muundo mmoja hushindana zenyewe kwa zenyewe: Optimist, kile kiboksi cha watoto wasiozidi miaka 15 kilichochorwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, au Laser, ambayo siku hizi huitwa ILCA, na nyingine nyingi. Kila aina ina chama chake cha kimataifa, na ubingwa wa aina hiyo ni mali ya chama hicho. Chama ndicho huamua nchi moja ilete mashua ngapi, umri gani, siku ngapi, nani apime matanga. Lakini chama hakina ufukwe. Na kanuni za mashindano zinazotolewa na World Sailing, shirikisho la dunia, haziruhusu chama cha aina ya mashua kutua popote na kufunga boya. Kanuni ya 89 inakitaka kiwe na idhini ya shirikisho la nchi husika, au kishirikiane na klabu inayotambulika. Hapo ndipo mwenyeji anapohitajika. Kanuni hiyohiyo inataka mamlaka ya uandaaji itoe tangazo la mashindano, na majina yanayoandikwa juu ya tangazo hilo ndiyo yanayobeba lawama mambo yakiharibika. Mara nyingi la chama na la klabu yanakaa pamoja. Lakini pamoja si sawasawa.

Ndiyo maana "kuandaa" inanikera kidogo. Asili yake ni chakula: meza inaandaliwa, futari inaandaliwa. Anayeandaa anashughulika, anatoka jasho, na si lazima awe ndiye aliyealika. Magazeti yetu yameizoeza imaanishe umiliki, kama pale inapoandikwa kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027. Kwenye mpira hatudanganyiki, maana kila mtu anajua mwenye AFCON ni CAF. CHAN ilipofunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 2 Agosti 2025, hakuna shabiki aliyedhani sisi ndio tuliopanga ratiba ya Afrika nzima. Kwenye tanga tunasahau, nadhani kwa sababu ya resi zetu za ngalawa. Pale ufukweni, anayetoa zawadi, anayepiga filimbi na mwenye ufukwe wanaweza kuwa mzee mmoja, na mzee akisema resi imeisha, imeisha.

Na "zabuni" nayo! Ni neno la mnada, la kupandishiana bei, na Kiarabu kilikotoka, zabuni ni mteja, mnunuzi. Serikali ikitangaza zabuni ya barabara, bei inazungumza sana. Klabu inayoomba uenyeji haiuzi lami. Inaandika barua ndefu kujibu maswali, na maswali yenyewe ni ya kumpima mwenyeji kwa ile maana ya Kariakoo. Upepo wa mwezi huo unatoka wapi na unakaza saa ngapi? Klabu ya Dar itasema: kusi, kati ya Juni na Septemba, au kaskazi, Desemba mpaka Februari, na wakati wa masika usituletee watoto. Maji yanapwa kiasi gani? Ghuba ya Msasani imekingwa na visiwa kama Bongoyo na Mbudya, lakini siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na ufukwe uliozindulia mashua asubuhi unaweza kukupokea jioni kwa mwendo mrefu wa miguu na mashua kichwani. Kwa hiyo ile "tarehe tunayotaka" inaanza kupangwa na mwezi wa angani kabla ya kamati yoyote. Halafu boti za uokoaji, mahali pa kulaza mashua, makontena yatatokaje bandarini bila kutozwa ushuru wa bidhaa ya kuuzwa, na viza.

Viza ndiyo inayozima kabisa "tunaita tunaowataka". Mwaka 2015, ubingwa wa dunia wa vijana ulipofanyika Langkawi, Malaysia, mabaharia wa Israeli hawakushiriki kwa mgogoro wa viza, na jambo likafika meza ya shirikisho la dunia. Anayestahili kushindana anapangwa na mwenye mashindano. Mwenyeji anafungua mlango.

Majibu yakishafika, vyama vingi hupiga kura, katika mkutano mkuu au kamati tendaji, na mara nyingi huzungusha mabara ili bara moja lisile peke yake. Kisha mkataba.

Kuna mashindano mamoja tu makubwa ya tanga ambayo yangempa kijana wangu nusu ya haki: America's Cup. Pale klabu inayoshikilia kombe ndiyo inayolitetea, na ina sauti kubwa juu ya mahali. New York Yacht Club walilishikilia miaka 132, mpaka Waaustralia walipolichukua mwaka 1983 na kulitetea Fremantle, kwao Australia, mwaka 1987. Lakini hata huko, kuwa na kombe na kuwa na mji vilikuja kuachana. Klabu ya Geneva ilishinda mwaka 2003, na Uswisi haina bahari hata ya kunawia uso, ikabidi utetezi wa 2007 ufanyike Valencia, Hispania. Na mwaka 2024 klabu ya New Zealand ililitetea Barcelona, watu wa Auckland wakabaki kutazama kwenye runinga. Mwenye kombe Auckland, mwenyeji Barcelona.

Basi, mdogo wangu wa fulana, siku mkipata barua yenu usiseme mmeshinda zabuni wala kwamba mashindano ni yenu. Sema "tumepewa uenyeji," inatosha na ina heshima yake. Na mwenzako anaweza kuendelea kusema "tunaandaa", maana viti, boya na wali mtaandaa kweli. Ila akiulizwa mashindano ni ya nani, ataje chama.